Bwana Afya Akibisha Hodi: Usalama katika Vibanda vya Chakula

Leo tunazungumza na mama mwenye kibanda cha chakula, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na samaki jioni, na ameandika wasichana wawili watatu wamsaidie. Na wewe uliyeandikwa jikoni, usizime redio. Maneno haya ni yako pia.

Mnajua wenyewe yanayotokea habari zikienea kwamba watu wa afya wako mtaani. Milango hufungwa. Karai la mafuta yanayochemka huinuliwa mbiombio na kupelekwa uani, huko huko watoto wanakochezea. Ukaguzi ambao ungeisha kwa muda mfupi sasa umekuwa hatari ya kumuunguza mtoto. Mama, hakuna faini inayostahili hilo.

Basi tuwajue wanaokuja. Wa kwanza ni afisa wa afya ya umma, tuliyezoea kumwita bwana afya hata anapokuwa bibi. Tangu mwaka 2013 kazi hii iko chini ya serikali za kaunti. Yeye hutazama chakula, maji, choo, taka na vyeti. Wa pili ni afisa wa usalama na afya kazini, wa serikali ya kitaifa, anayetumia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Wengi hudhani sheria hiyo ni ya viwanda na mahoteli makubwa ya ufuoni. Sivyo. Panapofanyiwa kazi ni mahali pa kazi, hata kama paa ni la makuti.

Afisa huyu anaweza kuingia bila kukuarifu mapema. Nawe una haki ya kumwomba kitambulisho chake, tena kwa adabu: "Karibu, naomba nione kitambulisho." Afisa wa kweli hachukii. Ada za serikali hulipwa kwa njia rasmi na risiti hutolewa. Anayetaka umtilie kitu mkononi hakukagui, anakuibia.

Sasa, vyeti. Kila anayeshika chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita, pamoja nawe mwenye biashara. Mwaka 2017, kipindupindu kilipowapata watu waliokula hotelini Nairobi, Wizara ya Afya ilifuta vyeti vya wahudumu wa chakula na kuagiza wapimwe upya. Sababu ni kwamba mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kujisikia mgonjwa hata kidogo, akawaambukiza wateja kwa mikono yake. Weka vyeti vyote na leseni katika faili moja, hapo hapo kibandani, si nyumbani chini ya godoro. Na msichana wako akiendesha, asishike chakula mpaka zipite siku mbili tangu tumbo litulie. Usimkate mshahara wa siku hizo. Ukimkata, safari ijayo atakuficha, na watakaougua ni wateja wako.

Lakini karatasi pekee hazitoshi, na mimi naona akina mama wengi huhangaika na karatasi wakasahau jiko. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, simama mlangoni ukitazame kibanda chako kama mgeni. Je, karai limekaa imara, au limeinamia mawe mawili? Mpini wa sufuria umeelekea njiani? Sakafu ina mafuta ya jana? Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na moto. Paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye kiungo chake. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Hapo funga mtungi, usiwashe kitu mpaka ubadilishe. Waya za umeme zilizochunika zisikae karibu na karo.

Mafuta yakishika moto ndani ya karai, usimwage maji kamwe. Moto utaruka juu hadi kwenye makuti. Zima gesi ikiwa unaweza kufikia, kisha ufunike karai kwa kifuniko cha chuma na uliache lipoe. Kila anayefanya kazi hapo aonyeshwe jambo hili kwa vitendo, kwa sababu mkaguzi huenda asikuulize wewe. Atamuuliza msichana wa kuosha vyombo.

Na watoto? Tunaelewa kwamba mama hana wa kumwachia. Tenga basi kona yenye kizuizi, upande usio na jiko, na awepo mtu mmoja anayejua kuwa kazi yake saa hiyo ni kumwangalia mtoto. Mtoto wa shule naye asisimamishwe kwenye karai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 13 kuandikwa kazi yoyote, awe analipwa au halipwi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huwaumiza watu wetu zaidi. Tuseme msichana amemwagikiwa na mafuta mkononi. Mwenye kibanda anaogopa, anampa nauli ya kurudi kwao Kinango, na anawaambia wengine wanyamaze. Msichana anarudi nyumbani na kidonda na deni la dawa.

Sivyo inavyotakiwa. Kwanza mhudumieni. Mwagieni maji safi ya baridi, si barafu, yapite juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Vueni pete na bangili kabla hajavimba. Msipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Funikeni kwa kitambaa safi, mumpeleke zahanati, au hospitali ya Msambweni ikiwa pameungua pakubwa, au ni usoni, mkononi, au ni mtoto.

Kisha mwenye kazi aandike siku hiyo hiyo: saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitokea. Akiweza, aache karai na jiko vilivyokuwa, ili anayekuja kuchunguza aone. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, amjulishe mwajiri, hata kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku saba za kupeleka taarifa kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Mtu akifariki, taarifa ifike ndani ya saa 24. Madai ya fidia hupelekwa ndani ya miezi 12. Mama wa msichana unayenisikiliza, miezi hiyo hupita upesi huku mnangoja tajiri apige simu. Msingoje. Chukueni karatasi za hospitali mwende ofisi ya kazi.

Mwenye kibanda, ukiulizwa na mchunguzi, sema lililotokea. Usiwafundishe wasichana la kusema. Akikuachia notisi ya kurekebisha jambo, soma tarehe iliyoandikwa, rekebisha, na uiweke notisi ndani ya lile faili lako. Usipoelewa maandishi, mwombe akueleze kabla hajaondoka.

Kipindi kijacho tutazungumzia maji ya kisima na namna ya kuyatibu kabla ya kupikia na kuoshea vyombo. Kwa leo, kwaherini.