Mtoto akikuuliza, "Kwa nini watu wanaandamana?"

(Maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha vijana, Ngamiani, Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Nguvu ya umma!

Leo sizungumzii kadi wala matawi. Nazungumzia watoto. Wengi humu tuna wadogo zetu, tuna wapwa, wengine tayari mna wa kwenu. Nao wanasikia kila kitu. Redio inasema, nyie mnabishana barazani, mtoto yupo pembeni anakula muhogo wake kimya, anaokota neno mojamoja.

Septemba 2024, msiba wa Mzee Ali Kibao ulipofika hapa Tanga, mpwa wangu wa miaka sita aliniuliza: "Mjomba, kwani alifanya nini?" Nikamwambia nenda kacheze. Makamanda, nilikosea. Mtoto usipomjibu atajijibu mwenyewe, na jibu atakalopata ni kwamba aliyechukuliwa lazima alikuwa mbaya.

Sasa tuwaambieje? Ukweli, ila kwa kipimo chao. Mzee Kibao alipanda basi Dar kuja Tanga tarehe 6 Septemba. Watu wenye silaha wakamshusha njiani. Kesho yake akakutwa amekufa. Basi, ishia hapo. Picha za kwenye simu usimwoneshe, hata akililia.

Akiuliza maandamano ni nini, mpeleke bombani. Watoto wamepanga ndoo, anakuja mkubwa anaweka yake mbele. Mmoja akilalamika, anasukumwa. Wakisema wote kwa pamoja, "Panga foleni!", mkubwa anasikia. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Kudai pamoja si jambo geni kwetu: makuli wa bandari hii ya Tanga waligoma mwaka 1939, enzi za Mwingereza.

Hapo atakuuliza swali gumu: "Kama ni vizuri, mbona polisi wanakamata?" Usimdanganye. Chama kiliitisha maandamano Septemba 23, tukitaka waliotekwa warudishwe. Polisi wakapiga marufuku, na siku hiyo Mbowe na Lissu wakakamatwa. Mwambie Katiba yetu, ibara ya 20, inampa mtu uhuru wa kukutana na wenzake na kutoa mawazo hadharani. Mwambie pia kwamba aliyepewa kazi ya kulinda naye anaweza kukosea, na akikosea anaambiwa. Lakini usimfundishe kuchukia polisi. Darasani kwake yupo mtoto wa polisi, wanagawana visheti.

La mwisho ndilo lililonishinda. Juzi kaniuliza, "Na wewe watakuchukua?" Ulimi ulitaka kusema "hapana, haiwezekani." Sikuweza. Nikamwambia, "Sijui, mjomba. Ila nikitoka, bibi yako anajua ninakokwenda. Nikichelewa, watu wengi watanitafuta."

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na mimi nitakutafuta."

Makamanda, sikulala usiku ule. Mtoto wa miaka yake hapaswi kubeba kazi hiyo. Tunadai ili asije akaibeba.

Basi leo mkirudi nyumbani, kaeni na watoto. Muulize kwanza yeye anajua nini, umsikilize mpaka amalize. Halafu ndiyo umjibu.

Nguvu ya umma!