Chunusi za Wanawake: Homoni Ipi Hutibu na Ipi Huharibu

Chunusi zinazomsumbua mwanamke aliyekwisha kuvuka umri wa balehe, hasa zile ngumu na zenye maumivu zinazojaa kwenye taya na kidevu na kuzidi siku chache kabla ya hedhi, mara nyingi hazitokani na uchafu wa uso, bali na androjeni, yaani homoni ambazo mwili wa mwanamke nao huzitengeneza kwa kiasi kidogo na ambazo huzichochea tezi za ngozi zitoe mafuta mengi. Sabuni, hata iwe ya bei gani, haifiki huko.

Dawa inayofika huko ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, ambavyo hulifanya ini liongeze protini inayozifunga androjeni katika damu, ingawa nafuu huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita. Nyingine ni spironolaktoni, dawa ya moyo na shinikizo la damu inayozizuia androjeni zisifanye kazi kwenye tezi. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wanawake 410, asilimia 82 ya walioimeza walisema baada ya wiki 24 kwamba wamepata nafuu, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa ni asilimia 63. Hata hivyo, spironolaktoni haimfai mjamzito, na estrojeni haimfai aliyewahi kuganda damu mishipani wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni.

Nchini Burundi, uchaguzi wa dawa hizi una utata wake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulionyesha kwamba njia ya kisasa ya uzazi wa mpango iliyotumiwa zaidi ilikuwa sindano, ambayo, sawa na vijiti vya mkononi, ina projestini peke yake, na projestini hiyo huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya wanawake. Ndiyo maana majirani wawili wa Muyinga, mmoja akimeza vidonge na mwingine akichomwa sindano, wanaweza kubishana kutwa kuhusu uzazi wa mpango na ngozi, na wote wakawa wakweli. Isitoshe, vituo vya afya vya Kanisa Katoliki havitoi njia hizi, hata serikali ikalazimika kujenga vituo vidogo kando yake.

Wakati huohuo, krimu za kung'arisha uso zinauzwa bila swali lolote, na baadhi yake zina klobetasoli, ambayo ni ya jamii ya steroidi, yaani nayo ni homoni: hutuliza uvimbe kwa siku chache, kisha ngozi hukonda na vipele vipya hufumuka. Hiyo si tiba ya chunusi.

Muuguzi wa Gitega anayempima mwanamke shinikizo la damu kabla ya kumpa njia ya uzazi na amuulize pia habari za ngozi yake, na mwanamke naye aende na tyubu ya krimu anayopaka.