Mvua Haimjui Mwenye Bidii

Hotuba kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado



Kuna methali ambayo wanafunzi wengi wa Kajiado wameiandika kwenye insha: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni methali nzuri, lakini ilizaliwa pwani. Bahari hupwa na kujaa kila siku. Anayekosa kitoweo leo anajua kwamba kesho maji yatapwa tena. Mvua ya Kajiado haina desturi hiyo. Mfugaji anaweza kuamka alfajiri mwaka mzima, akapiga mifugo dawa ya kupe, akachunga mwenyewe, na bado mvua ikakataa.

Ilikataa 1984, ikakataa 2000, ikakataa 2009. Kisha, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, ilikosekana misimu mitano mfululizo, na Septemba 2021 Rais alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Katika miaka kama hiyo wafugaji wa Kajiado wamefuata nyasi mbali na nyumbani, wengine hadi kandokando ya barabara za Nairobi. Hao si wavivu. Wengi wao ndio waliofanya kazi kuliko wote, na bado wakarudi na fimbo bila ng'ombe.

Wazee wa Kimaasai walilijua jambo hili kabla ya kuwapo kwa benki na bima. Ndiyo sababu walikuwa na osotua. Kwa Kimaa, neno hilo lina maana ya kitovu, kile kinachomuunganisha mtoto na mama yake. Wenye uhusiano huo husaidiana wakati wa dhiki. Anayeomba huomba kwa sababu ana shida ya kweli, na huomba kiasi cha shida yake. Anayetoa haandiki deni. Desturi hiyo haikudharau bidii. Ilitambua tu kwamba ukame hauchagui, na kwamba anayesaidia mwaka huu anaweza kuwa muombaji mwaka ujao.

Bahati njema nayo haichagui. Tazameni Kitengela. Ardhi ya ranchi ya pamoja ilipogawanywa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyejua thamani ya kila kipande. Mwaka wa 1990 ikaundwa mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, na viwanda vikajengwa Athi River. Watu wakaja kutafuta kazi na makao, na baadaye barabara ya kwenda Namanga ikajengwa upya. Kaunti iliyokuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009 ilihesabiwa kuwa na watu 1,117,840 mwaka wa 2019. Aliyepata kipande karibu na lami hakufanya kazi kuliko jirani yake aliyepata kule ndani. Barabara ndiyo iliyomfuata.

Lakini bahati ikishaingia bomani, hapo ndipo kazi ya mwenyewe huanza. Wapo waliouza kipande chote kwa mara moja, pesa zikaisha, na leo watoto wao ni wapangaji karibu na pale walipozaliwa. Wapo waliouza kidogo, wakachimba kisima na kusomesha watoto. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasiweke ua, wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapate njia. Malipo ya mwanzo yalikuwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, na yalitolewa kwa awamu 3, wakati wa kulipa karo. Pesa hizo hazikuwa nyingi, lakini zilikuja mvua inyeshe isinyeshe. Mama aliyejua karo itatoka wapi hakulazimika kuuza ng'ombe wakati bei imeanguka.

Funzo ni hili: bahati haiwezi kuondolewa, lakini nafasi yake inaweza kupunguzwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya hali ya ukame katika kaunti kila mwezi. Mfugaji anayeifuatilia anaweza kuuza baadhi ya mifugo ikiwa bado na mwili, akaweka akiba na kununua nyasi, badala ya kungoja mizoga. Kuhusu ardhi, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mwenzi, na shamba la kilimo au malisho linahitaji kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuuzwa. Hatua hizo zisionekane kuwa usumbufu. Zinaipa familia muda wa kuulizana: tukiuza, watoto watasimama wapi?

Nao vijana wajue kwamba bahati hainunuliwi. Mwendesha boda boda anayeweka mapato ya siku nzima kwenye kamari ya simu haongezi bahati yake. Anampa mtu mwingine jasho lake. Shilingi hizo hizo zikiingia kwenye chama au sacco kila wiki, siku pikipiki itakapoharibika atakuwa na pa kuanzia.

Aliyefaulu asiwacheke waliokwama, kwa maana huenda tofauti yao ni kilomita chache kutoka kwenye lami, au msimu mmoja wa mvua. Na aliyekwama asikunje mikono, kwa maana mvua ikirudi humfaa aliyebaki na mtamba wa kuanzia, na jirani wa kumpa wa pili.