Ada ya Kila Mwezi na Thamani ya Nyumba ya Ghorofa

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa idara ya njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, lakini laweza kula jasho la miaka thelathini. Jambo lenyewe ni ile ada ya kila mwezi anayotozwa mtu aliyenunua nyumba katika jengo la ghorofa. Mimi si wakili wala si mtu wa benki. Mimi ni mtu wa spana na mataruma. Lakini kujumlisha na kutoa nilifundishwa katika shule ya misheni, na hesabu ya leo haipiti hapo.

Jambo hili linatuhusu sisi sote. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, katika kila shilingi 100 za mshahara wetu hukatwa shilingi 1 na senti 50, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Nyumba zinazojengwa kwa fedha hiyo mijini ni za ghorofa. Tena wako wenzetu walioweka akiba katika vyama vya ushirika, na wengine wanangojea kiinua mgongo ili wanunue mahali pa kuweka kichwa. Zamani mfanyakazi aliwaza kiwanja na mabati. Leo viwanja vya mjini ni ghali, na watu wananunua vyumba juu ya vyumba vya wenzao.

Basi tuulize kwanza, mtu huyo amenunua nini? Aliyenunua shamba amenunua udongo na mipaka yake. Aliyenunua nyumba katika ghorofa ya tatu amenunua vyumba vyake, pamoja na fungu katika vitu visivyogawanyika: paa, ngazi, lifti, mabomba, pampu ya maji, ukuta wa nje na lango. Sheria ya mwaka 2020, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1987, inasema hivyo. Kila mwenye nyumba hupata hati yake mwenyewe, na wote pamoja huwa shirika moja la kutunza vitu vya shirika. Katika chama chetu cha wafanyakazi mtu aweza kujiunga au kukataa. Huko hakuna kukataa. Ukinunua umeingia, na ukiuza umetoka.

Ndiyo maana huwa ninashangaa nikisikia mtu akisema, "Nyumba nimekwisha kuinunua, nitalipa kodi gani tena?" Ndugu yangu, hiyo si kodi. Kodi hulipwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni wewe. Ada ile ni mshahara wa askari na keyateka, ni umeme wa ngazi, ni bima ya jengo, ni rangi, na ni akiba ya siku ambayo lifti itakufa. Usipoilipa wewe, hakuna tajiri atakayekuja kuilipa.

Sasa tuone jinsi ada inavyogusa bei ya nyumba. Tuseme mnunuzi anaweza kutoa shilingi 60,000 kwa mwezi, na benki inamkopesha kwa miaka 20 kwa riba ya 12 katika 100. Katika jengo la kwanza ada ni shilingi 5,000. Zinabaki 55,000 za kulipa mkopo, nazo zinatosha mkopo wa karibu shilingi milioni 5. Katika jengo la pili ada ni shilingi 12,000. Zinabaki 48,000, nazo zinatosha mkopo wa karibu shilingi 4,360,000 tu. Vyumba ni vile vile na mtaa ni ule ule, lakini mnunuzi yule hawezi kuitolea nyumba ya pili bei ya ile ya kwanza. Kwa kiasi hicho cha riba, kila shilingi 1,000 inayoongezwa juu ya ada hupunguza mkopo wake kwa karibu shilingi 90,000.

Mtu akisikia hivyo hukimbilia kusema, "Basi tutafute jengo lenye ada ndogo, na tukiisha kuingia tupige kura ada isipande." Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Tuseme jengo lina nyumba 40 zenye mafungu sawa, na baada ya miaka 10 paa na lifti zitahitaji shilingi milioni 6. Kila nyumba itatakiwa kutoa shilingi 150,000. Wakianza kuweka akiba tangu mwezi wa kwanza, kila mmoja ataweka shilingi 1,250 kwa mwezi, na siku ikifika fedha ziko tayari. Wasipoweka, ada yao itaonekana nafuu kwa miaka 10, kisha siku moja keyateka atagonga kila mlango na barua ya shilingi 150,000. Aliyeuza mwaka uliopita amekwenda zake na nafuu yake. Aliyenunua juzi ndiye atakayelipa. Ada ndogo bila akiba ni deni lililofichwa ndani ya ukuta, na anayelirithi ni mnunuzi.

Sisi watu wa njia ya reli tunalijua jambo hili. Kila siku mtu hutembea juu ya reli akitazama nati, kokoto na mataruma. Mtu wa ofisini aweza kusema, "Huyu analipwa kwa kutembea tu, mwondoeni tuokoe fedha." Mwaka wa kwanza ataonekana ni hodari wa hesabu. Lakini siku behewa litakapolala ubavuni, fedha alizookoa hazitatosha hata kuliinua. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenzetu wa Marekani wametutangulia katika nyumba za namna hii. Huko ni desturi ya miaka mingi, na mamilioni ya watu wamo katika umoja wa wenye nyumba. Basi tutazame yaliyowapata.

Katika mji mdogo wa Surfside, karibu na Miami katika jimbo la Florida, lilikuwako jengo la ghorofa 12 kando ya bahari, jina lake Champlain Towers South. Lilimalizika mwaka 1981, nalo lilikuwa na nyumba 136. Mwaka 2018 injinia aliwaandikia wenye nyumba kwamba zege la chini ya sakafu ya bwawa la kuogelea limeharibika vibaya, na matengenezo yakakadiriwa kupita dola milioni 9. Wakajadiliana, wakabishana, na baadhi ya viongozi wao wakajiuzulu. Kufikia Aprili 2021 gharama ilikuwa imefika dola milioni 15, na akiba yao haikukaribia kiasi hicho. Ikabidi kila mwenye nyumba atozwe mchango wa ziada: wenye nyumba ndogo karibu dola 80,000, na mwenye ile kubwa ya juu zaidi ya dola 330,000. Malipo yalikuwa yaanze Julai. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa watu 98.

Sisemi kwamba ada peke yake ndiyo iliyowaua. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walionyesha kwamba sakafu ile ya bwawa haikuwa imepangwa sawasawa tangu mwanzo. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuonekana, daktari alikuwa amekwisha kuandika dawa, na fedha za dawa hazikuwako.

Baada ya msiba huo jimbo la Florida lilitunga sheria mwaka 2022. Majengo ya namna hii yenye ghorofa tatu au zaidi sharti yakaguliwe yanapofikisha miaka 30, kisha kila miaka 10. Sharti pia wahesabu akiba inayotakiwa kwa paa, nguzo na vitu vingine vikubwa. Zamani wenye nyumba waliweza kupiga kura wasiweke akiba. Kwa vitu hivyo vikubwa ruhusa hiyo iliondolewa kuanzia bajeti zilizopitishwa mwisho wa mwaka 2024. Basi deni lililofichwa ukutani likatoka nje. Ada zikapanda kwa nguvu, na katika miaka ya 2024 na 2025 bei za nyumba katika majengo ya zamani ya Florida zikashuka. Walioumia sana ni wastaafu wenye pensheni ndogo. Wengine walikuwa wamemaliza mikopo yao zamani, lakini ada ikawashinda, wakalazimika kuuza wakati ambao wanunuzi wenyewe wanaogopa. Mwaka 2025 wabunge wa jimbo walirudi kuilegeza sheria kidogo ili kuwapa watu nafasi ya kuvuta pumzi.

Tena mjue kwamba benki nazo hutazama madaftari ya jengo. Fannie Mae, shirika kubwa la Marekani linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, liliweka sharti kwamba zaidi ya nyumba 15 katika kila 100 zikiwa na deni la ada la siku 60 au zaidi, mikopo ya jengo hilo haichukuliwi. Angalieni maana yake. Wewe unalipa kila mwezi bila kukosa. Jirani zako hawalipi. Siku unapotaka kuuza, mnunuzi wako anakosa mkopo kwa sababu yao, nawe unabaki na nyumba ambayo atainunua mwenye fedha taslimu tu, tena kwa bei anayoitaka yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kuna jambo la kutisha zaidi. Katika majimbo mengi ya Marekani, umoja wa wenye nyumba waweza kuipeleka mahakamani nyumba ya mtu asiyelipa ada, ikauzwa, hata kama hadaiwi senti na benki. Kwa hivyo kumaliza mkopo si kumaliza malipo. Anayenunua kwa kiinua mgongo chote bila kubakiza cha kulipia ada amejiwekea mtego.

Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Sisemi kila ada kubwa ni nzuri. Ziko ada kubwa zinazoliwa. Hapa kwetu pia yako majengo ambayo aliyejenga angali anashika madaftari miaka mingi baada ya kuuza, na wenye nyumba hawajaona hata hesabu ya mwezi mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu kinacholinda thamani ya nyumba ni ada inayotosha, inayoonekana inakokwenda, na inayolipwa na wote.

Basi mwanachama anayetaka kununua na aulize maswali haya kabla ya kutoa hata shilingi moja ya arubuni.

Kwanza: ada ni kiasi gani, na imepanda mara ngapi katika miaka mitatu iliyopita?

Pili: akiba ya jengo ni shilingi ngapi, na iko katika benki kwa jina la nani?

Tatu: nyumba ngapi zinadaiwa ada, na je, hii ninayonunua inadaiwa? Jibu hili litakiwe kwa maandishi.

Nne: paa, lifti, pampu na mabomba vina umri gani, na ni lini injinia alipovikagua?

Tano: mkutano wa mwisho wa wenye nyumba ulifanyika lini, na kumbukumbu zake ziko wapi?

Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Na ukiisha kununua, usikae nyumbani siku ya mkutano. Sisi tunajua jinsi chama kinavyokufa: wachache wanakuja, wengi wanalalamika, na mweka hazina anazoea kutoulizwa. Mchango bila mkutano ni kutupa fedha, na mkutano bila mchango ni kelele.

Ndugu Mwenyekiti, ninamaliza kwa pendekezo moja. Tawi lichague watu watatu wanaojua kusoma hesabu na sheria, ili mwanachama yeyote anayetaka kununua nyumba ya ghorofa awaletee karatasi zake wazitazame pamoja naye kabla hajatia sahihi. Kazi hiyo haitakigharimu chama ila saa chache jioni. Aliyefanya kazi miaka thelathini katika jua na mvua hastahili kuonyeshwa ufa wa nyumba yake siku ya kulipia ukuta.