Nyimbo Nne Nizipendazo

Nyote mlioketi madarasani, Kamachumu, Kashozi, Katerero, Nshamba na kwingineko, nawasalimu.

Juma lililopita tulihesabu kutoka 1 mpaka 20. Leo tutahesabu kinyumenyume: 4, 3, 2, 1. Nitawatajia nyimbo nne ninazozipenda. Ya nne nitaitaja kwanza, na ya kwanza nitaitaja mwisho. Maneno ya kuandika leo ni "kwa sababu". Mtu akisema, "Wimbo huu ni mzuri," bado hajasema kitu. Mwulizeni: Kwa sababu gani?

Andikeni 4. Wimbo wa nne ni "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa. Ulitoka mwaka 1982. Naupenda kwa sababu maneno yake ni mepesi. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza aweza kuyasoma yote. Lakini ni wimbo wa kuamkia wageni hotelini, basi. Tuendelee.

Andikeni 3. Wimbo wa tatu ni "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, na Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akaueneza duniani. Ni wimbo wa kijana anayempenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Wazee wa hapa wanaijua shida hiyo. Je, nani aliutunga? Fadhili William alisema ni yeye. Adam Salim naye alisema ni yeye, tena zamani zaidi. Ubishi haukwisha mpaka leo. Ndiyo maana walimu wenu wanawahimiza kuandika jina na tarehe juu ya kila karatasi.

Andikeni 2. Hapa tumefika nyumbani. Wimbo wa pili ni "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwana wa Bukoba. Ulitoka mwaka 2001. Nilikuwa kijana wa shule wakati huo. Tulizoea kuchekwa na watu wa mbali kwa matamshi yetu. Mara watu wa Dar es Salaam wakawa wanacheza ngoma ya Kihaya arusini, na maneno mengine hawayajui! Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya, wakauita "Salome". Mimi bado napenda ule wa kwanza, kwa sababu ngoma zake zinasikika kama zinapigwa uani kwa jirani.

Sasa andikeni 1.

Wimbo wangu wa kwanza ni "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala. Bwana huyu alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akaongoza bendi ya Super Matimila. Alifariki mwaka 2010. Wimbo huo aliutoa mwaka 1990. Unawashauri watu wavae kondomu wajikinge na UKIMWI. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, lakini kaseti zilisafiri.

Mnakumbuka hali yetu wakati ule. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika nchi hii walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Hapa watu waliuita ugonjwa "Juliana", jina la kitambaa kilicholetwa na wafanya magendo. Wengine walisema ni uchawi. Makaburi yaliongezeka migombani. Wazazi wangu wote wawili wamelala huko, na mimi nililelewa na bibi pamoja na wajukuu wenzangu watano.

Nilipousikia wimbo ule dukani, nilidhani ni soksi za miguuni. Nilishangaa sana. Mimi sikuwa na viatu, sembuse soksi! Nikamwuliza bibi, soksi zinazuiaje ugonjwa? Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakunijibu siku ile. Nilipofaulu kwenda sekondari, usiku kabla ya safari aliniita jikoni, akanieleza yote waziwazi, yeye mzee wa kanisa, asiyejua kusoma hata herufi moja. Akasema, "Zile soksi uliniuliza."

Kwa muziki peke yake, Saida anamshinda Remmy, nakubali. Ofisini wenzangu wamenibishia sana juu ya jambo hili. Lakini nauweka wa kwanza kwa sababu bila wimbo ule nisingeliuliza, na bibi asingelipata mahali pa kuanzia.

Haya, mwalimu azime redio. Kila mmoja aandike nyimbo zake nne, akianzia 4. Anayependa nyimbo za nanga za babu yake, aziandike pia. Baada ya kila jina aandike "kwa sababu", kisha amalizie mwenyewe. Tutasoma machache juma lijalo. Kwaherini.