Kambi Haifundishi Kupokea

Orodha ya walioitwa kambini mmeshaisikia, wasikilizaji, na kelele zake mmezisikia pia: nani kaachwa, nani kabebwa, kocha abaki au aende. Kituo hiki hakina ugomvi na jina lolote katika orodha hiyo. Linalotutia wasiwasi ni kwamba mjadala mzima wa voliboli ya nchi hii umefungiwa ndani ya wiki chache za kambi, kana kwamba timu ya taifa huzaliwa siku mabegi yanaposhushwa kwenye basi. Kambi huwapanga wachezaji na kuwazoesha kucheza pamoja. Kambi haifundishi kupokea mpira, na timu isiyojua kupokea haina cha kupanga.

Tazama rekodi. Barani Afrika, Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wana mataji kumi, la kwanza la mwaka 1991 na la kumi walilolitwaa Yaoundé mwaka 2023, baada ya Kameruni kuwanyima ubingwa katika fainali tatu mfululizo. Hakuna timu nyingine ya wanawake Afrika iliyofikia idadi hiyo. Sasa vuka bahari. Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, Paris 2024: Olimpiki nne, na hatujashinda hata mechi moja. Tokyo tulicheza mechi tano, Paris mechi tatu. Hizo ni seti 24, na zote 24 zilikwenda kwa wapinzani. Kocha mkuu Tokyo alikuwa Mbrazili, Luizomar de Moura. Paris alikuwa Mkenya, Japheth Munala. Nahodha wa Tokyo alikuwa Mercy Moim, wa Paris Trizah Atuka. Kocha tofauti, nahodha tofauti, matokeo yale yale. Anayetaka kutuambia kwamba dawa ni kumfukuza kocha mwingine tena, atueleze kwanza hizo seti 24.

Sisi tunaona jibu liko kwenye mguso wa kwanza. Timu inaruhusiwa kugusa mpira mara tatu tu kabla haujavuka wavu. Mpinzani anapoanzisha kwa nguvu, mpira ukipokewa vizuri hufika mkononi mwa seta, yule anayewapangia wapigaji, pale karibu na wavu, naye ana uhuru wa kuchagua: ampe wa kati, wa pembeni, au anayeruka kutoka nyuma. Wazuiaji wa upande wa pili hubaki wakikisia. Ukipokewa vibaya, seta huukimbiza hadi mstari wa mita tatu au nyuma yake, hana la kufanya ila kuurusha juu kuelekea pembeni, na huko mpigaji anakuta mikono minne imemsubiri. Watu nyumbani husema mpigaji kakosa. Hakukosa yeye, mpira ulikuwa umeharibika miguso miwili kabla yake. Hata shirikisho la dunia, FIVB, lilipomwingiza libero, mchezaji wa kupokea na kulinda, kwenye sheria mwaka 1998, lilikuwa limeona kwamba upokeaji na ulinzi ni kazi inayostahili mtaalamu wake. Na kazi hiyo ya mikono, ya miguu, ya kusoma bega la anayeanzisha, hujifunzwa kwa kurudiarudia tangu msichana akiwa na miaka 12 au 13. Wiki sita za kambi haziwezi kurudisha miaka sita iliyopotea. Kambi haifundishi kupokea.

Watatokea wa kusema tatizo ni kimo, kwamba Wapoland na Wabrazili ni warefu na hilo halina dawa. Kimo kina nafasi yake, hatubishi. Wavu wa wanawake uko mita 2.24 na anayeufikia kwa urahisi ana faida. Lakini Tokyo na Paris hatukufungwa na warefu peke yao. Japani ilitufunga seti 3-0 mara zote mbili, na Japani haijawahi kusifika kwa urefu. Wajapani walichukua dhahabu mwaka 1964 kwa timu ambayo wengi wa wachezaji wake walitoka kiwanda kimoja cha nguo, chini ya kocha Hirobumi Daimatsu, aliyewafundisha kujiviringisha sakafuni na kuinuka wakiwa tayari kwa mpira unaofuata. Walikuwa pamoja kwa miaka. London mwaka 2012 walipanda tena jukwaani wakachukua shaba. Huwezi kumrefusha mchezaji, ila kumfundisha kupokea unaweza.

Wengine watasema shule zetu tayari zinafanya kazi hiyo, na watazitaja Kwanthanze na Mukumu. Tunaziheshimu; bila shule na bila klabu za Magereza, Pipeline na KCB tusingekuwa na timu ya kuzungumzia. Lakini mwalimu wa michezo shuleni hupimwa kwa kombe la mwaka huu. Akimpata msichana mrefu anayeanza sekondari atamweka kwenye wavu kesho asubuhi, na huyo msichana anaweza kumaliza shule bila kufundishwa kupokea, kwa sababu kupokea hakuleti kombe haraka. Lawama si za mwalimu huyo. Mara nyingi anafundisha hisabati hadi jioni, ana mipira miwili, na mafunzo ya ukocha anasikia yanafanyika mjini. Fedha za kambi hutafutwa usiku na mchana. Za kumfundisha yeye hazitafutwi. Na ni kweli, tumesonga kidogo: Mashindano ya Dunia ya 2025 kule Thailand, Malkia waliilaza Vietnam 3-0, na tulishangilia. Ushindi mmoja usitulaze usingizi.

Kwa hiyo tunawaambia wenye mamlaka: Shirikisho letu la voliboli, kabla ya kutangaza orodha nyingine, tangazeni ni walimu wangapi wa shule mmewafundisha mwaka huu, na wapi. Magavana, mnaokata utepe wa viwanja, wekeni mipira na walimu ndani ya viwanja hivyo. Walimu wakuu, mpeni huyo mwalimu wa michezo saa zake za jioni na msimdai kombe kila muhula. Wazazi, msichana akirudi na vumbi magotini msimkemee. Nanyi mashabiki, mkibishana vijiweni juu ya orodha, acheni majina kidogo mkaulize: huyu msichana alifundishwa kupokea na nani, akiwa na umri gani? Ulizeni leo. Ulizeni tena kesho. Ulizeni mpaka mtu ajibu.