Hotuba ya Makatekista juu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi



Tumepewa nafasi kusema neno katika siku hizi za jubilei, nasi tumechagua neno ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Ni habari ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania huua wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote.

Tuzungukapo vijijini, toka Kilolo na Mufindi hata Rungwe na Chunya, twaona jambo lile lile. Mama hutokwa na damu isiyo ya siku zake, au baada ya hedhi kukoma, naye hunyamaza. Amwambie nani? Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa mkamwana hakuthubutu hata kukutana njiani na baba mkwe wake. Sembuse kumtajia habari za uzazi, ilhali mzee huyo ndiye mwenye ng'ombe wa kuuza ipatikane nauli? Basi hutafutwa mizizi, mwezi baada ya mwezi, hata maumivu yamshinde. Hapo safari huwa ni ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi ndiko peke yake katika nchi tiba ya mionzi ilikopatikana. Toka Mbeya ni kilometa zaidi ya 800. Mbatata za mwaka mzima huishia katika nauli na chakula cha mjini.

Wala ugonjwa huu hauji kwa ghafula. Huletwa na kirusi cha papiloma, na mara nyingi hupita miaka kumi au zaidi kabla haujawa saratani. Muda huo wote waweza kugunduliwa kwa siki tu! Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa nguvu, hungoja dakika moja hivi. Pakigeuka peupe, huenda pana dalili, na mara nyingi hupatibu papo hapo kwa baridi kali au kwa joto, mama akarudi kwake.

Kwetu haraka yatupasa zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha ya kuwa watu wazima wapata 11 katika kila 100 wa Iringa, na 9 wa Mbeya, wana virusi vya ukimwi. Na mwanamke mwenye virusi hivyo yu katika hatari ya saratani hii mara sita kuliko asiye navyo.

Iko na chanjo. Ilianza nchini mwote mwaka 2018. Tangu 2024 ni sindano moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, pasipo malipo. Wako wanenao kwamba huwafanya tasa. Si kweli, saratani yenyewe ndiyo iondoayo uzazi.

Twaomba basi, siku ya muuguzi itangazwe kila Jumapili, pamoja na mahali na saa. Akina mama waelezane wenyewe, kwa Kihehe, Kibena na Kinyakyusa, maana Kiswahili cha hospitali bibi zetu hawakielewi sawasawa. Waume nao waambiwe, hata penye ulanzi, ingawa si desturi yetu kuketi huko. Na kila jumuiya iweke akiba ndogo ya nauli, ili mama aitwaye hospitali asingoje ng'ombe wa mtu.